SOMO LA MWEZI: MKO WANGAPI?

Masomo: Kutoka 30:11-16, Mwanzo 40, 2 Samweli 24



Kila mara uhakiki unapotangazwa, mioyo yetu inadunda. Tunapanga mstari tangu alfajiri, karatasi za familia mkononi na watoto mgongoni. Tukifika mezani tunaulizwa, "Mko wangapi?" Swali hili ni fupi, lakini kwa wengi wetu ni zito. Mama mmoja kati yetu alijibu, "Watoto sita." Karani akatazama, akaona wanne. Wawili walipotea njiani tulipokuwa tunakimbia. Karatasi ikaandikwa wanne, naye akarudi nyumbani akilia, kana kwamba amewakana wale wawili kwa kinywa chake mwenyewe.

Je, Mungu anasema nini juu ya kuhesabu watu? Leo tusaidiwe na Wayahudi, ambao wamelitafakari jambo hili tangu zamani.

1. Hawahesabu vichwa

Katika Kutoka 30, Mungu aliagiza kwamba watu wakihesabiwa, kila mmoja atoe nusu shekeli iwe fidia ya nafsi yake, pasiwe na pigo kati yao. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Basi kilichohesabiwa ni fedha, si watu. Walimu wa Talmudi walifundisha kwamba hata Sauli alihesabu jeshi lake kwa wana-kondoo (1 Samweli 15:4). Mpaka leo Wayahudi wengi wanaoshika desturi, wakitaka kujua kama watu 10 wa sala wametimia, hawasemi moja, mbili, tatu. Wanatamka Zaburi 28:9, ambayo kwa Kiebrania ina maneno 10, neno moja kwa kila mtu. Wazee wetu wengi nao hawakupenda mtu ahesabu watoto wao kwa kidole.

Lakini Mungu mwenyewe aliwahesabu Israeli mara nyingi. Kwa nini? Rashi, mwalimu wa Kiyahudi aliyefariki Ufaransa mwaka 1105, alieleza kwamba ni kwa sababu anawapenda. Mwenye kitu cha thamani hukihesabu tena na tena.

2. Kuinua kichwa

Kwa Kiebrania, agizo la kuhesabu katika Hesabu 1:2 linasema, inueni kichwa. Walimu wao wa kale waligundua kwamba usemi huo una njia mbili. Katika Mwanzo 40, Farao aliinua kichwa cha mnyweshaji akamrudisha kazini. Akainua na kichwa cha mwokaji, akamtundika. Usemi ni ule ule: mmoja ulimpa heshima, mwingine ulimpa kifo. Ndivyo ilivyo hesabu ya watu. Ukitaka kujua ni ya njia gani, uliza inafanywa kwa nia gani.

Daudi alipoamuru watu wahesabiwe, Yoabu alimwuliza kwa nini analitaka jambo hilo. Mfalme hakumjibu, neno lake tu likashinda. Baada ya miezi 9 na siku 20 aliletewa hesabu ya wenye kushika upanga. Kisha likaja pigo, wakafa watu 70,000.

Hapa Kigali tunaishi kati ya watu wanaojua uchungu huo. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na neno hilo likakaa kwenye kitambulisho. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho hicho kilikuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Baadaye neno hilo liliondolewa. Pale Gisozi, kwenye ukumbusho uliofunguliwa mwaka 2004, wamelala watu zaidi ya 250,000, na upo ukuta wa majina. Idadi peke yake haikutosha; ilibidi waandikwe kwa majina.

3. Basi sisi tufanye nini?

Kwanza, tuseme kweli. Tusiazime mtoto wa jirani ili mgao uongezeke. Tukifanya hivyo tunamwibia mwenzetu, na tunamwondolea mtoto jina lake na nyumba yake. Wala tusiogope kumwandikisha mtoto aliyezaliwa, kwa maana asiyeandikwa ni vigumu kumtetea.

Pili, karatasi ya karani inahesabu walio nyumbani, na ni haki iwe hivyo. Kusema wanne si kuwakana wawili. Waliopotea tuwataje kwa Msalaba Mwekundu, ambao husaidia kutafuta ndugu waliotengana. Na katika sala ya jioni tuwataje wote sita, kwa majina.

Tatu, tukumbuke fedha ile ilifanya kazi gani. Kutoka 38:27 inasema ilitengenezwa misingi 100 ya patakatifu. Mungu alikaa katika hema, na hema hilo lilisimama juu ya nusu shekeli ya kila mtu, maskini sawasawa na tajiri. Sisi tuliolala chini ya shitingi tusidharau neno hili: hakuna aliye mdogo mno hata asiwe sehemu ya msingi.

Bwana wetu naye alizaliwa wazazi wake walipokwenda kuandikishwa (Luka 2), na baadaye familia hiyo hiyo ilikimbilia Misri. Anaujua mstari huo. Anayajua na majina yetu.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Ni nani wa nyumba yetu ambaye hatujamtaja kwa jina siku nyingi?
2. Je, sisi wenyewe tunawahesabu majirani kwa kabila, au tunawajua kwa majina?

Mungu awabariki.