SOMO: MACHOZI YA MAMA ALIYEZAA
Kusoma: 1 Wafalme 19:1-8, Ruthu 4:13-17



Mtoto akizaliwa hapa Kisangani, tunapiga vigelegele, tunaleta sabuni na kitenge, halafu tunarudi kwetu. Mama anabaki na usiku. Mtoto analia, maziwa yanamuuma, na machozi yanamtoka bila kujua sababu. Anaogopa tutasema hana shukrani. Basi ananyamaza.

1. Machozi hayo si zambi
Wanganga wanatufundisha kwamba wamama wengi hulia kuanzia siku ya tatu hivi kisha kuzaa, kwa kuwa mwili unabadilika gafula na usingizi unakosekana. Huzuni hiyo huisha kabla ya majuma mawili. Ikipita hapo, ni ugonjwa. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba katika inchi zinazoendelea karibu wamama 20 katika 100 wanapata ugonjwa wa akili kisha kuzaa, zaidi huu wa huzuni. Wagonjwa hawa wanakaa nasi kwenye viti vya kanisa.

2. Mungu alimtunza Elia namna gani?
Elia, nabii mkubwa, aliomba kufa. Mungu hakumkaripia. Elia alilala, malaika akamwamsha akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa mara ya pili. Ndipo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka Horebu. Ikiwa nabii alihitaji usingizi na chakula mbele ya kusikia neno, si zaidi mama wa mtoto wa juma moja?

3. Nani atakuwa Naomi?
Ruthu alipozaa Obedi, Naomi alimpakata mtoto akawa mlezi wake. Leo wamama wengi hawana Naomi. Wengine walikimbia mapigano ya Mbole na Lengola yaliyoanza mwaka wa 2023, wakazaa mbali na mama zao. Kanisa liwe Naomi. Wamama wagawane siku: mmoja alete lituma na samaki, mwingine afue nguo, mwingine ashike mtoto ili mzazi alale. Na wewe baba, amka usiku. Kubeba mtoto hakupunguzi heshima yako.

4. Maombi pamoja na matunzo
Tuombe, lakini tusifiche ugonjwa nyuma ya maombi. Huzuni ikipita majuma mawili, tumsindikize mama kwenye kituo cha afya. Akisikia sauti, akikosa usingizi hata mtoto akilala, ao akisema anataka kufa ao kuumiza mtoto, tusimwache peke yake: aende hospitali siku ile ile. Asifungwe kamba. Asilazimishwe kufunga chakula. Na mtoto asiitwe ndoki, hata mtu akisema ameona maono. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza jambo hilo.

Maulizo ya kujibu nyumbani
– Nani amezaa karibu na kwako mwezi huu?
– Ulimuuliza habari yake mwenyewe, ao ya mtoto tu?
– Utamletea nini juma hili?

Amani ya Bwana ikae katika kila nyumba yenye mtoto mchanga. Amina.