KUILINDA KABICHI NA NDEGE NA BARIDI

Mkulima wa Kegonga, kule Kuria karibu na mpaka wa Tanzania, aweza kuamka asubuhi moja ya mwezi wa Julai akakuta miche ya kabichi aliyoipanda juzi imebaki vijiti vitupu. Ndege wamekula majani, na karo aliyoitumainia imekwenda nao. Jirani yake, kwa kuogopa baridi, ameifunika miche yake gubigubi kwa nyasi. Baada ya siku chache aifunua na kuikuta imeoza. Wote wawili ni watu wa bidii, lakini hawakumtambua adui vizuri.

Kwanza, baridi. Yafaa ijulikane kwamba kabichi ni mmea wa nchi za baridi. Asili yake ni Ulaya, nayo hustawi hasa penye joto la digrii 15 hadi 20 za sentigredi. Hata Kinangop, ambako sakitu huanguka, kabichi iliyokwisha kushika mizizi huvumilia sakitu nyepesi. Kinachoidhuru ni unyevu uliofungiwa, kwa maana ukungu na maradhi ya kuoza hupenda mahali pasipopita hewa. Kwa hiyo usiizibe. Panda mahali penye mteremko kidogo, si bondeni, kwa sababu usiku hewa ya baridi hutelemka na kutuama huko. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari, na umwagilie maji asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku.

Mche mchanga, hata hivyo, hudhurika upesi ukitolewa ghafula kitaluni. Juma moja kabla ya kuuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo, upate kuzoea jua na upepo.

Pili, ndege. Hawa ndio wa kuzuiwa, maana hupenda majani mateke. Fanya hivi:

1. Pinda fito ziwe kama matao, uzichomeke juu ya tuta.

2. Tandika wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 2. Usiguse majani, kwani ndege hudonoa kupitia matundu.

3. Uvute ukakamae. Wavu uliolegea hunasa ndege, na wengi wao hutusaidia kwa kula viwavi.

4. Fukia kingo zake udongoni, au uzikandamize kwa mawe.

5. Utazame asubuhi na jioni.

Asiye na wavu aweza kutundika vipande vya bati ving'aavyo, lakini avihamishe kila baada ya siku mbili tatu. Ndege si wajinga, huzoea. Majani yakishakomaa na kuwa magumu, wavu huo utafaa kwa kitalu kingine.

Basi kumbuka neno hili: zuia ndege, lakini usizuie hewa. Atakayelishika atavuna vichwa vya kupeleka sokoni, na vingine vya kupika nyumbani.