Bastola ya Kwanza: Ndogo Si Lazima Iwe Rahisi

*Mimi ni muuguzi Houston, Texas, nina kadi ya kijani. Natoka zamu usiku wa manane na nataka bastola ya kubeba chini ya nguo. Muuzaji ananishauri ndogo kabisa, eti ndiyo inayofaa mikono ya kike. Sijawahi kufyatua risasi. Nifanyeje?*
*Mama wa wawili*

Dada, hofu yako ina msingi, lakini usinunue bado. Bastola ndogo hufichika vizuri, ila kwa wepesi wake huurusha mkono zaidi, na springi yake mara nyingi ni ngumu, hivyo kuikoki ni kazi. Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha silaha, ujaribu za milimita 9 za ukubwa wa kati. Inayokufaa ni ile unayoikoki bila kuhangaika, na kidole kikafika kwenye kifyatulio bila kubadili mshiko.

Tangu 2021 Texas haiwadai kibali cha kubeba bastola wengi wenye miaka 21 na zaidi, lakini wewe usiruke mafunzo. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umeamua kufyatua, na mkoba mgumu wa bastola ukifunike kifyatulio kabisa.

Hospitalini huruhusiwi kuingia nayo bila idhini ya maandishi, na kuiacha garini ni kuwakaribisha wezi. Kwa hiyo anza kwa kumwomba mlinzi akusindikize hadi kwenye gari. Nyumbani, ifungie kwenye kisanduku cha chuma ambacho watoto hawawezi kukifungua.

Huzuni ikikuzidi, bastola itoke nyumbani kwanza, kisha upige 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, saa yoyote.