Majuma ya Mwisho ya Mbio za Nyika

SWALI: Bwana Mhariri, binti yangu, asomaye sekondari hapa Minnesota, ni wa sita katika timu yake ya mbio za nyika. Mashindano ya jimbo yamekaribia, na mwalimu amempunguzia mazoezi. Je, huko si kumdhoofisha?

JIBU: La hasha, bwana. Nguvu alizozilimbikiza tangu Agosti hazipotei kwa majuma mawili, bali uchovu ndio uondokao. Kwa hiyo masafa hupunguzwa hata kukaribia nusu, ilhali kasi ya mazoezi hubaki vile vile, ili miguu isisahau mwendo wa kilomita 5. Asijaribu kufidia kwa kukimbia kwa siri. Alale vya kutosha, na ale vyakula alivyovizoea. Wala asiidharau nafasi yake: ijapokuwa katika timu ya wakimbiaji 7 huhesabiwa 5 wa kwanza tu, na timu yenye jumla ndogo ya nafasi zao, ambazo ndizo alama, ndiyo ishindayo, wa 6 akiwatangulia wahesabiwa wa timu pinzani huwaongezea alama, na timu mbili zikilingana, yeye ndiye aamuaye.