Vipele vya Usoni na Ile Tyubu ya Dukani

Wadogo zangu wa Mitundu, hasa mliovuka miaka 30 na bado mnahangaika na vipele vya mashavuni na puani, leo tuzungumze kuhusu rozasea. Wengi mnaiita chunusi. Sogea kwenye kioo uangalie vizuri: chunusi huwa na vichwa vyeusi, rozasea haina. Hukaa katikati ya uso, na ngozi huchoma na kupata joto kama umeinamia sufuria linalotokota. Kwa watu weupe wekundu wake huonekana mara moja, ndiyo maana kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ugonjwa wa Wazungu. Kwetu rangi huuficha, na hata daktari anaweza kuupita. Basi msisubiri wekundu.

Chanzo chake kimoja hakijapatikana. Kinachojulikana ni kwamba kinga ya ngozi huchachamaa kupita kiasi, mishipa midogo ya damu hutanuka ovyo, na wengine hurithi. Vijidudu viitwavyo demodeksi, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo kwenye vinyweleo, huwa vingi zaidi kwenye nyuso hizi. Jua, moto wa kuni, chai ya moto, pilipili, pombe na hasira huichochea. Haiambukizi, haiji kwa kutonawa, wala hujalogwa.

Ninachokiogopa zaidi ni ile tyubu. Krimu zenye betamethazoni au klobetazoli hununuliwa ili uso ung'ae. Mwanzoni unalainika na unasifiwa. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inajitokeza, na kila ukiacha kupaka vipele vinafumuka, nawe unarudia. Hali hiyo hufanana kabisa na rozasea, na krimu ndiyo imeileta. Someni maandishi madogo kwenye boksi. Aliyeitumia kwa miezi amwone daktari amwelekeze namna ya kuiacha.

Anzia zahanati, na ukipewa rufaa ya Hospitali ya St. Gaspar pale Itigi, nenda. Wataalamu wapo: hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Dawa zipo: metronidazoli ya kupaka, doksisaiklini ya kumeza, ingawa mjamzito haimfai. Macho yakikwaruza na kuwa mekundu, sema, maana rozasea huingia hadi huko. Kwa sasa jikinge jua kwa mtandio, na acha kabisa limao, dawa ya meno na kusugua uso kwa sabuni kali.

Na siku ya kwenda, mdogo wangu, beba kila ulichokuwa unapaka, hata mkorogo ulioazima kwa shoga yako, umwonyeshe daktari bila aibu.