Mdudu-kijiti Mwenye Miiba
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Ntoto na vijiji vya jirani, Masisi na Walikale



Ntoto iko pale vilima vya Masisi vinaposhuka kuelekea msitu wa Walikale. Mkulima wa hapa ana shamba upande mmoja na pori upande wa pili, na kila anapofyeka au kutafuta kuni hukutana na wadudu wasiohesabika. Baadhi tunawajua kwa faida yao, kama kumbikumbi, nyuki na viwavi wanaoliwa. Baadhi tunawajua kwa hasara wanayotutia. Mdudu-kijiti hayumo katika makundi hayo mawili, ndiyo maana mara nyingi hupigwa fimbo kabla ya kuulizwa kosa lake, hasa akiwa na miiba mwilini. Kijitabu hiki kimeandikwa ili ajulikane, na ili asiuawe bure.

Kumtambua

Wadudu-vijiti ni jamii kubwa. Wataalamu wameshaorodhesha spishi zaidi ya 3,000 duniani, na zilizo nyingi huishi katika nchi za joto na mvua. Afrika tunao wembamba kama ubua wa nyasi, wa jenasi ya Gratidia, na pia majitu ya jenasi ya Bactrododema, ambayo urefu wake hupita sentimita 20 na ngozi yake hufanana kabisa na gome la tawi kavu.

Wengi humchanganya na kivunjajungu. Kuwatofautisha si kazi. Kivunjajungu hukunja mikono ya mbele kifuani, hugeuza kichwa kukutazama, na huwinda wadudu wengine. Mdudu-kijiti huinyoosha miguu yake ya mbele sambamba na kichwa, hageuki kukutazama, wala hawindi. Chakula chake ni majani tu. Ukimpulizia pumzi atayumba polepole kama kijiti kinachotikiswa na upepo, kisha atatulia tena.

Mchana huwezi kumwona akila. Hula usiku. Familia nyingi za eneo letu zimelazimika kulala porini wakati wa vita, na waliopitia hayo wanajua kwamba msitu wa usiku hauna ukimya: majani hutafunwa hadi alfajiri. Miongoni mwa watafunaji hao yumo huyu.

Miiba ni ya nini?

Mdudu-kijiti mdogo mwenye miiba aliyechunguzwa vizuri ni Epidares nolimetangere, wa misitu ya Sarawak katika kisiwa cha Borneo, Asia ya Kusini-Mashariki. Mtaalamu Mholanzi, Wilhem de Haan, ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1842. Dume ana urefu wa sentimita tatu na nusu hivi, jike ni mkubwa kidogo kuliko dume, na wote wawili hawana mabawa. Mwili ni mnene kuliko ule wa wadudu-vijiti wengine, na miiba imesimama kichwani, kifuani na mgongoni. Hukaa chini, kwenye mimea mifupi na majani makavu yaliyoanguka.

Kukaa chini ndiko kunakoeleza miiba hiyo. Anayeishi juu mtini hujificha kwa kuwa mrefu na mwembamba, maana amezungukwa na vijiti. Anayeishi karibu na ardhi hukutana na panya, mijusi, vyura na ndege wanaochakura, na umbo la kijiti peke yake halimtoshi. Miiba humfanya awe tabu kumeza. Pia huvunja mstari wa mwili wake, hata jicho linaona takataka za msituni tu. Akiguswa, hujiangusha na kukauka kama aliyekufa, miguu ikiwa imeukumbatia mwili, na huweza kubaki hivyo kwa muda mrefu.

Madagaska nako kuna wadudu-vijiti wenye miiba mwili mzima, wa jenasi ya Parectatosoma. Hao si ukoo mmoja na wale wa Borneo. Silaha ileile imezuka mara mbili, katika visiwa viwili vilivyotenganishwa na bahari, huenda kwa sababu adui ni wa aina moja. Nasi tunaoishi kwenye msitu wa mvua wa Kongo tusishangae tukimkuta mdogo mwenye miiba chini ya vichaka vyetu.

Lililo muhimu kwa mzazi ni hili: miiba hiyo haina sumu. Haidungi kama mkia wa nge. Huchoma kidogo mkono unaoifinya, basi.

Mayai

Hapa ndipo maisha ya mdudu huyu yanapovutia kuliko pote. Yai la mdudu-kijiti lina ganda gumu na kifuniko kidogo upande mmoja, na ukilitazama utaapa kuwa ni mbegu. Kila jamii ina namna yake ya kutaga. Wapo wanaoyaangusha mayai popote walipo, yakadondoka kama matone ya mvua. Wapo wanaoyagandisha kwenye jani au gome. Wale wadogo wenye miiba wa Borneo huyafukia udongoni, jike akitumia ncha ya tumbo lake.

Katika spishi nyingi, kifuniko cha yai kina kinundu chenye mafuta. Sisimizi hukipenda. Hubeba yai hadi shimoni mwao, hukila kinundu, na yai lenyewe huliacha. Humo limejificha dhidi ya moto na dhidi ya nyigu wadogo ambao hutaga ndani ya mayai ya wadudu wengine. Baada ya miezi kadhaa, na kwa baadhi ya spishi zaidi ya mwaka, kifuniko hufunguka na tunutu, yaani mdudu mchanga, hutoka akapanda juu kutafuta jani. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walionyesha jambo lingine: jike mwenye mayai akiliwa na ndege, mayai machache huweza kupita tumboni mwa ndege yule bila kuvunjika na bado yakaanguliwa. Mdudu asiye na mabawa husafiri hivyo, angali yai.

Zaidi ya hayo, majike wa spishi nyingi huweza kutaga bila kukutana na dume, na mayai hayo huangua majike watupu. Anayejulikana zaidi kwa hilo ni Carausius morosus wa India ya Kusini, ambaye shule na maabara za Ulaya zimemfuga kwa zaidi ya miaka 100. Faida yake ni wazi, kwani jike mmoja aliyepotea anaweza kuanzisha ukoo mzima. Hasara ni kwamba mabinti wote hurithi udhaifu uleule wa mama.

Kukua na kupoteza mguu

Mifupa ya mdudu iko nje, ndiyo ngozi yake ngumu. Ili akue lazima aivue. Tunutu huning'inia kichwa chini, ngozi hupasuka, naye hujichomoa akiwa laini. Baadaye huila ngozi ya zamani. Saa hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote: akiguswa au akikosa nafasi ya kuning'inia, hubaki kilema au hufa.

Akishikwa mguu na adui, huuachia na kukimbia. Mguu mpya huota polepole kila anapovua ngozi. Aliyekwisha kukomaa havui tena, hivyo mguu wake hauoti.

Je, ana madhara?

Haumi mtu wala haambukizi ugonjwa. Hata hivyo, wadudu-vijiti wana tezi kifuani karibu na kichwa, na wachache hutoa maji makali. Wa kusini mwa Marekani, Anisomorpha buprestoides, hurusha maji yanayochoma macho vibaya. Kwa hiyo mtoto asimsogeze mdudu huyu usoni. Maji yake yakiingia jichoni, lisafishe kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, usilisugue, kisha nenda kituo cha afya.

Shambani, kula kwake majani machache hakulingani na hasara tunazozijua. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, unaletwa na bakteria. Huenezwa kwa panga lisilosafishwa, kwa machipukizi yenye ugonjwa, na kwa wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Mahindi huharibiwa na viwavijeshi. Kumuua mdudu-kijiti hakuponyi mgomba hata mmoja. Ni kweli kwamba Australia wapo wadudu-vijiti ambao miaka mingine huongezeka hadi kuumaliza msitu wa mikaratusi majani, lakini hao ni spishi za huko.

Anachofanya msituni ni kazi. Majani anayoyala hugeuka kinyesi kinachorutubisha udongo, na mwili wake ni chakula cha ndege, popo na vinyonga.

Kinachomtisha

Mwaka 1918 meli iitwayo Makambo ilikwama kwenye kisiwa cha Lord Howe, Australia, na panya wakashuka. Katika miaka michache mdudu-kijiti mkubwa wa kisiwa hicho, Dryococelus australis, alitoweka, na dunia ikaamini amekwisha. Mwaka 2001 kikundi kidogo kilipatikana kwenye mwamba unaochomoza baharini, chini ya kichaka kimoja. Wazao wao sasa wanafugwa Melbourne. Kichaka kimoja ndicho kilichookoa spishi nzima.

Kwetu panya hao hawahitajiki. Moto wa kuandaa shamba huunguza majani makavu pamoja na mayai yaliyomo. Ni kweli kwamba Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, inafika hadi Walikale, na sokwe wa huko wana walinzi. Lakini mdudu asiye na mabawa hawezi kuhamia hifadhini pori la kijijini kwake linapofyekwa. Huishia palepale.

Kwa walimu

Darasa linaweza kumfuga mmoja au wawili kwa muda mfupi. Chukueni ndoo au sanduku refu, angalau mara tatu ya urefu wa mdudu, mlifunike kwa kipande cha kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Wekeni udongo chini. Mpeni majani ya mti uleule mliomkuta, matawi yakiwa kwenye chupa ya maji ambayo mdomo wake umezibwa kwa kitambaa ili tunutu wasizame. Nyunyizeni maji kidogo jioni. Msimshike anapovua ngozi. Mkimaliza, mrudisheni alikotoka, na udongo ule pia, kwa sababu huenda una mayai.

Watoto waandike tarehe, jina la mti kwa lugha ya nyumbani, na alichokila. Wadudu wengi wa Kongo wamehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na wengine katika kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini. Mdudu mkavu kwenye sanduku haonyeshi alikuwa akila mti gani usiku. Hilo analijua anayeishi naye, na daftari la mwanafunzi wa Ntoto linaweza kuwa na habari ambayo sanduku la Tervuren halina.

Tunawaomba akina baba na akina mama wakulima: mnapofungua shamba jipya, acheni ukanda wa kichaka kando ya kijito, na msiuwashie moto.