Ukungu wa Sinema kwa Bomba la Maji: Vidokezo 7 vya Kuifufua Kamkoda ya Kabatini

Ile kamkoda iliyorekodi harusi ya dada yako bado imelala kabatini? Itoe! Kosa lake ni moja tu: inaona kila kitu. Bibi harusi yuko safi, na ndoo ya deki nyuma yake nayo iko safi vilevile. Lawama ni za sensa (siyo ile ya kuhesabu watu), yaani kile kijidude kinachopokea mwanga, ambacho ni kidogo kuliko ukucha. Kabla ya kamera za picha zinazorekodi video, Nikon D90 na Canon 5D Mark II, kutoka mwaka 2008, wapenzi wa filamu wenye mifuko mitupu walijitengenezea nyumbani adapta ya kutia ukungu nyuma ya mhusika: lenzi ya kamera ya picha inamwaga taswira kwenye kioo chenye ukungu, kamkoda inakirekodi kioo. Nawe unaweza.

1. Kamata lenzi ya babu
Tafuta lenzi kuukuu ya mm 50, f/1.8, yenye pete ya kufungulia tundu kwa mkono. Helios 44 ya enzi za Kisovieti nayo ni tamu. Lenzi nyingi za kisasa hazina pete hiyo, kwa hiyo usihangaike nazo.

2. Pima kama fundi cherehani
Kutoka lenzi inapokaa hadi kwenye kioo, Nikon hutaka mm 46.5, Canon FD mm 42, na zile za skrubu ya M42 karibu mm 45.5. Rula inakutoa jasho? Chukua vipande viwili vya bomba la PVC vinavyoingiana. Weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, elekeza kwenye mnara wa simu, telezesha bomba mpaka mnara ukae sawa kwenye kioo. Gundi! Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa.

3. Kioo ndicho bosi
Hapa usiwe na haraka. Msasa wa dukani huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo utaonekana kwenye uso wa mwigizaji wako kama kovu. Tumia unga wa aluminiamu oksaidi wenye chembe za mikroni 5: weka maji kidogo, laza kioo juu ya kioo kingine, sugua kwa mizunguko mpaka ukungu uwe sawa kila mahali. Huna unga? Wengine waliyeyusha nta kati ya vioo viwili vyembamba, wakapata taswira laini ajabu. Itakubidi urudie mara kadhaa, maana nta hupenda mapovu.

4. Kitikise kidogo
Kioo kikitulia, chembe zake huonekana kama vumbi la dirishani huku picha ikipita nyuma yake. Dawa ni mota ya mtetemo kutoka simu iliyokufa. Shikiza kioo kwenye sponji ili kitikisike chenyewe, siyo kamera nzima. Sauti rekodi pembeni, la sivyo filamu yako itakuwa ya nyuki.

5. Ivishe kamkoda miwani
Peke yake haioni kitu kilicho karibu hivyo. Fungia mbele lenzi ya kukuzia, diopta +7 au +10, kisha vuta zumu mpaka kingo za bomba zipotee. Lenga chembe za kioo, zima fokasi ya kujiendesha, usiguse tena. Kuanzia hapo unalenga kwa lenzi ya babu tu.

6. Usishtuke, mjomba hajawa mjusi kafiri
Ndiyo, anatembea darini. Taswira hutua kichwa chini. Wakati wa kuhariri zungusha picha nyuzi 180. Ukiipindua juu-chini pekee, maandishi ya daladala yatasomeka kinyume.

7. Mwanga, mwanga, mwanga
Kioo kinakula mwanga kwa pupa, kwa hiyo rekodi barazani au karibu na dirisha. Usibane tundu kupita f/5.6, chembe zitarudi kukusalimia, f/2.8 ni pazuri. Halafu bandika utepe kwenye pete ya lenzi, weka alama moja kwa mjomba na moja kwa kikombe chake cha chai. Rekodi. Zungusha pete polepole: mjomba anazama ukunguni, mvuke wa chai unajitokeza, na ile ndoo ya deki huioni tena.